Jinsi ya Kutafuta Nasaba ya Motokaa Kuukuu

Watu wengi hudhani ya kuwa motokaa ni chuma tu, na ya kuwa ikisha kuchakaa haina tena habari ya kumwambia mtu. Sivyo. Kila motokaa ina mahali pa kuzaliwa na tarehe ya kuzaliwa, ina namba yake ya kuitambulisha, na ina wenyewe waliopokezana mmoja baada ya mmoja. Kwa hiyo inayo nasaba, kama vile mtu alivyo na nasaba. Katika makala hii nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, pamoja na kaka zetu waliosoma hapa zamani, namna nasaba hiyo inavyotafutwa. Nataka pia kuonyesha ya kuwa kazi hii si mchezo wa matajiri peke yao. Katika nchi yetu yaweza kuwa kazi ya haki.

Nitachukua mfano wa Volkswagen ya kale, ile yenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Nimeichagua kwa sababu inafahamika sana katika Afrika ya Mashariki. Ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na watu wa barabara mbaya waliipenda kwa kuwa injini yake hupozwa kwa hewa, wala haihitaji maji. Tena jina la Volkswagen si geni mjini kwetu. Mwezi wa Juni 2018 kiwanda cha kuunganisha motokaa za jina hilo kilifunguliwa hapa Kigali, katika eneo maalumu la viwanda.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba motokaa ina nasaba mbili, si moja. Nasaba ya kwanza ni ya kiwandani: iliundwa wapi, lini, ikiwa na rangi gani na injini gani, tena ikapelekwa nchi gani. Nasaba ya pili ni ya wenyewe: nani aliinunua kwanza, akamwuzia nani, mpaka ikamfikia huyu aliye nayo leo. Ile ya kwanza imeandikwa katika chuma na katika madaftari ya kiwanda. Hii ya pili imeandikwa katika karatasi na katika kumbukumbu za watu. Mtu akizichanganya hupotea njia, maana cheti cha kuzaliwa hakisemi ni nani aliyemlea mtoto.

Tuanze na ya kiwandani. Jiwe la msingi la kiwanda cha Volkswagen liliwekwa tarehe 26 Mei 1938 huko Ujerumani, mahali ambapo sasa ni mji wa Wolfsburg. Vita vilipoanza, kiwanda kiligeuzwa kufanya kazi za kijeshi, na wengi waliofanya kazi humo walikuwa watu waliolazimishwa. Baada ya vita kilisimamiwa na Waingereza, na tarehe 27 Desemba 1945 motokaa za raia zikaanza kuundwa kwa mfululizo. Ya milioni moja ilitoka mwezi wa Agosti 1955. Tarehe 17 Februari 1972 hesabu yake iliishinda ile ya Ford Model T, ambayo ilikuwa imeundwa zaidi ya milioni 15. Wolfsburg waliacha kuiunda mwaka 1974, lakini viwanda vingine viliendelea, na ya mwisho kabisa ilitoka Puebla, nchi ya Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Jumla yao ilikuwa 21,529,464.

Katika wingi huo, mtu atawezaje kuitambua moja? Kwa namba ya chasisi. Namba hii imegongwa katika chuma cha sakafu, juu ya ule mgongo wa katikati, chini ya kiti cha nyuma. Ukitaka kuiona, ondoa kiti, kisha safisha mahali hapo kwa mafuta ya taa na brashi ngumu. Usitumie tupa wala patasi, usije ukaharibu tarakimu. Namba hiyo hiyo imeandikwa tena katika kibati kidogo kilichoko mbele, nyuma ya gurudumu la akiba. Namba hizi mbili hazina budi kulingana. Ukiona kibati kina ripiti mpya, au tarakimu za sakafuni zimepinda, hazilingani kwa ukubwa, au chuma kimesagwa kandokando yake, basi fanya shaka, maana huenda namba imechezewa.

Sasa namna ya kuisoma. Kwa Volkswagen hizi zilizoundwa tangu Agosti 1964, tarakimu mbili za kwanza huonyesha aina ya motokaa. Hii ya mgongo wa kobe ni 11. Tarakimu ya tatu huonyesha mwaka wa kiwanda, na zinazobaki ni hesabu ya kufuatana. Lakini uangalie sana: mwaka wa kiwanda hauanzi Januari, huanza Agosti. Motokaa yenye namba inayoanza na 116 ni ya mwaka wa kiwanda 1966, maana yake iliundwa kati ya Agosti 1965 na Julai 1966. Inayoanza na 118 iliundwa kati ya Agosti 1967 na Julai 1968. Zile zilizotangulia Agosti 1964 zina hesabu ya kufuatana tu bila alama ya mwaka, na kwa hizo mtu huhitaji orodha ya kiwanda ili ajue namba fulani ilifikiwa mwezi gani.

Injini nayo ina namba yake, imegongwa chini ya kile kiti cha jenereta. Herufi za mwanzo hueleza aina ya injini. D ni injini ya 1200, F ni ya 1300 iliyoanza Agosti 1965, H ni ya 1500 iliyoanza Agosti 1966, na AB ni ya 1300 iliyoanza Agosti 1970. Basi ukikuta motokaa ya namba 116 ina injini ya AB, usiseme kwamba namba ya chasisi ni ya uongo. Sema kwamba injini ilibadilishwa, kwa kuwa motokaa iliyozaliwa 1966 haiwezi kuzaliwa na injini ya 1970. Kubadilisha injini si hatia. Katika nchi za mbali na kiwanda ndiko kulikozifanya motokaa nyingi ziishi.

Dalili za nje nazo husaidia. Volkswagen za kale kabisa zilikuwa na vioo viwili vidogo nyuma. Mwezi wa Machi 1953 vikawa kioo kimoja cha mviringo wa yai, na tangu Agosti 1957 kikawa kikubwa cha pembe nne. Taa za mbele zililala nyuma kidogo mpaka katikati ya 1967, kisha zikasimama wima. Wakati huo huo mahali pa kutilia petroli pakahamishwa: zamani ilikuwa lazima ufungue boneti, lakini tangu hapo pakawa na kimlango kidogo ubavuni mbele, upande wa kulia. Hata hivyo usihukumu kwa dalili za nje peke yake. Taa, mabawa ya magurudumu na bampa hubadilishwa kama mtu abadilishavyo shati.

Motokaa za siku hizi zina utaratibu mwingine. Tangu mwaka 1981 viwanda vimekuwa vikitumia namba ya herufi na tarakimu 17, bila kutumia herufi I, O na Q, ili zisichanganywe na moja na sifuri. Tatu za kwanza hutaja kiwanda: WVW ni Volkswagen ya Ujerumani, na VF3 ni Peugeot ya Ufaransa. Toyota zilizoundwa Japani huanza na JT.

Mtu akisha kupata namba ya chasisi anaweza kuwaandikia wanaotunza madaftari. Kwa Volkswagen, makumbusho ya motokaa zao huko Wolfsburg hutoa cheti kwa malipo, kinachoonyesha siku motokaa ilipomalizika kuundwa, rangi yake ya kwanza, na nchi ilikopelekwa. Kwa Austin, Morris na Land Rover za zamani, madaftari mengi yako katika makumbusho ya motokaa ya Gaydon, nchi ya Uingereza. Wenye Peugeot huuliza Sochaux, na wenye Mercedes-Benz huuliza Stuttgart. Hapo ndipo mwisho wa nasaba ya kiwandani.

Nasaba ya wenyewe ni ngumu zaidi. Mfano mzuri ni ile Volvo PV544 iliyoshinda Safari mwaka 1965, ikiendeshwa na ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh. Daftari la kiwanda laweza kukwambia kwamba ni motokaa ya Uswidi, basi. Haliwezi kukwambia kwamba mwaka 1964 motokaa hiyo ilikuja Afrika pamoja na kundi la kiwanda, isifanikiwe, kisha ikapita mikononi mwa fundi wa huku huku aliyeitengeneza, naye akawashinda wenye motokaa mpya. Habari hiyo wanayo watu na magazeti ya Afrika ya Mashariki. Ukiitazama motokaa hiyo kwa nasaba ya kwanza tu, umekosa jambo lililoipa jina.

Kanuni ya kutafuta wenyewe ni kuanza na aliye nayo leo na kurudi nyuma hatua kwa hatua, bila kuruka hata mmoja. Ushahidi ni wa namna tatu. Wa kwanza ni karatasi: ile kadi ya njano ya kuandikishia, hati ya mauzo, karatasi za bima, za kodi na za ukaguzi. Wa pili ni motokaa yenyewe. Upande wa usukani, kwa mfano, hueleza mengi. Rwanda, Burundi na Kongo tunapita kulia, na usukani huwa kushoto. Kenya, Uganda na Tanzania wanapita kushoto, na usukani huwa kulia. Kukwaruza kidogo chini ya mlango huonyesha rangi za zamani, moja juu ya nyingine. Hata namba ya usajili ni dalili: ya Kenya huanza na K, na zile za herufi tatu zisizo na herufi ya mwisho ni za kabla ya utaratibu mpya wa mwaka 1989. Wa tatu ni watu, yaani madereva, mafundi na majirani. Hao uwaulize kila mmoja peke yake, wala usiwaulize mwaka. Uliza kwa matukio: ilikuwa kabla ya uhuru wa 1962 au baadaye? Mtoto gani alikuwa amezaliwa? Mzee hukosea mwaka, lakini hasahau ni mtoto gani aliyebebwa katika motokaa hiyo siku ya ubatizo.

Sasa nieleze jambo lililotokea hapa Batsinda, maana ndilo lililonionyesha faida ya haya yote. Wasomaji wa mbali huenda hawajui kwamba sehemu ya mtaa wetu ilijengwa karibu na mwaka 2008, kwa ajili ya watu waliohamishwa kutoka Kiyovu ya chini. Mzee mmoja jirani yetu alihamia wakati huo, akaja akiivuta kwa kamba Volkswagen yake ya kijani. Aliinunua mwaka 1997. Aliyemwuzia hakuwa na kadi ya njano. Alimwandikia kipande cha karatasi tu, na siku zile wengi walifanya hivyo, kwa kuwa karatasi nyingi zilikuwa zimepotea pamoja na wenyewe.

Mwaka jana alikuja mtu mzima wa miaka kama hamsini, ametoka upande wa Kusini. Baba yake aliuawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na motokaa yake, Volkswagen nyeupe, ilichukuliwa siku zile. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kwamba kuna ya namna hiyo Batsinda, na ya kuwa chini ya rangi ya kijani kuna nyeupe. Alikuwa na vitu viwili: picha ya baba yake amesimama kando ya motokaa, na karatasi ya bima iliyokunjwa mara nne.

Mzee aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mwanangu, kama namba ni hiyo, motokaa ni yako. Mimi sitalala na mali ya marehemu.” Akaniita nilete tochi na mafuta ya taa, kwa kuwa alijua napenda mambo ya injini.

Tulipoitazama motokaa kwa nje, ilikuwa sawasawa na ya pichani. Taa zilisimama wima. Mzee alikwaruza chini ya mlango, na kweli nyeupe ikaonekana. Yule mgeni hakusema neno, lakini mkono wake ulikuwa juu ya paa la motokaa muda wote. Tukaondoa kiti cha nyuma. Tarakimu ya tatu ilikuwa imefunikwa na kutu, nami nikasugua polepole kama robo saa. Ilikuwa 6. Karatasi ya bima ilisema 118.

Hatukuridhika na hilo tu. Kibati cha mbele nacho kilisema 116. Tena mahali pa petroli palikuwa ndani ya boneti, ambapo katika picha, ubavuni mwa motokaa ya marehemu, kile kimlango kidogo kilionekana wazi. Namba ya injini ilianza na AB. Basi tukaelewa: motokaa ya Mzee ni ya mwaka wa kiwanda 1966, na mtu fulani aliitia baadaye injini nyingine, na mabawa ya mbele pamoja na taa za motokaa ya baadaye. Ndiyo sababu uso wake ulifanana na ile ya pichani. Uso ulifanana, lakini mifupa haikuwa ile.

Yule mgeni alisema, “Mzee, nashukuru. Ni afadhali kuambiwa kweli.” Mkewe Mzee alileta chai, tukakaa. Mgeni akaniomba nimfafanulie namba iliyo katika karatasi yake. Nikamwambia kwamba motokaa ya baba yake iliundwa kati ya Agosti 1967 na Julai 1968. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba marehemu alikuwa akisimulia ya kuwa aliinunua mwaka aliozaliwa binti yake wa kwanza, nao watoto walidhani anatia chumvi, kwa kuwa alikuwa mwalimu tu na mshahara wake ulikuwa mdogo. Dada huyo alizaliwa 1968. Basi yaelekea mwalimu huyo aliinunua ikiwa mpya. Mgeni wetu hakupata motokaa, lakini aliondoka na jambo hilo moja, ameliandika nyuma ya picha. Na sasa anajua namba anayoitafuta, wala hatasumbuliwa tena na kila nyeupe anayoisikia.

Wengine watauliza: je, sasa motokaa ya kijani imethibitika kuwa ya Mzee? La. Na hapa ndipo penye fundisho kubwa. Namba ilithibitisha kwamba si ile ya mwalimu. Haikuthibitisha kwamba aliyemwuzia Mzee alikuwa na haki ya kuuza. Nasaba ya kiwandani imejulikana, lakini nasaba ya wenyewe bado imekatika kabla ya 1997. Mzee mwenyewe ndiye aliyelisema jambo hilo kabla yetu. Tangu siku ile ameandika maelezo yake yote katika daftari, akaweka na kile kipande cha karatasi, na amewatafuta jamaa za yule aliyemwuzia ili nao waseme walikoipata. Motokaa haiuzi, wala vyuma vyake haviuzi, ingawa wanunuzi wa vyuma vikuukuu hupita kila juma. Asema kwamba akiiuza kwa kilo, ushahidi nao utayeyushwa, na huenda yuko mtu mwingine mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna motokaa, pikipiki au hata baiskeli, fanya mambo matatu likizo hii. Kwanza, nakili namba ya chasisi na ya injini, na kuziweka mahali pawili, si pamoja na kadi ya njano. Pili, piga picha ya motokaa pande zote nne, maana picha ya upande mmoja yaweza kukosa kile kimlango kidogo chenye kusema kweli. Tatu, mwulize baba, mama au babu aliipata kwa nani na wakati gani, uandike jibu kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe ya siku uliyouliza.

Na ninyi kaka zetu mliosoma hapa, mlio Nairobi, Kampala, Bukavu au Ulaya, kama mna picha za zamani za shule yenye motokaa uani, tunaomba mtuletee nakili zake. Tutazisoma kwa uangalifu, tukianza na taa na kumalizia na mahali pa kutilia petroli.